Nimemkuta dereva wa basi bwawani

Jumanne moja, katikati ya Julai 2025, saa nne asubuhi. Nimekaa kando ya bwawa kwenye kambi ya likizo karibu na Skegness, pwani ya mashariki ya England, taulo begani, namwangalia mwanangu wa mwisho anajifunza kuzamisha kichwa. Mara akateremka baba mmoja kwenye bomba la kuteleza, kitambi mbele, mtoto kampakata, wote wawili wanapiga kelele mpaka chini. Akaibuka, akajifuta maji usoni, nikamtambua. Ni dereva wa basi ninalopanda kwenda kazini Leicester, lile la saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri. Miaka mitatu namwambia asante nikishuka, sikuwahi kumwona nje ya kile kiti chake. Naye akanitambua. Akanipungia mkono kama jirani, akarudi kupanda ngazi na mwanawe.

Nilibaki pale nimeshika taulo, na mawazo yangu hayakuwa Skegness. Nilikuwa namuwaza dereva wa daladala ya Mbagala, kule Dar es Salaam, na konda wake. Nimewahi kuwaona wapi na watoto wao, wamelala kwenye hoteli ya ufukweni siku nne, kwa hela zao wenyewe? Sijawahi. Na bahari tunayo sisi!

Nianze na hesabu, maana watu wanapenda kuuliza kama hizi likizo za familia ni hela iliyotumika vizuri au ni kuchoma pesa tu. Mimi natunza wazee kwenye nyumba ya kulelea, mume wangu anabeba maboksi ghalani, maboksi yenyewe, sio yale ya msemo wa kazi ngumu za ughaibuni. Kima cha chini hapa kuanzia Aprili mwaka huo kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Kijumba chetu, usiku nne, watu watano, bwawa na michezo ya watoto ndani ya bei, tulilipa pauni 340. Gawanya. Ni saa 28 za kazi. Siku tatu na nusu za mtu mmoja anayelipwa kima cha chini, na familia nzima imelala, imeogelea, imecheka.

Bei hiyo ina siri yake, lazima niseme ukweli. Shule za Leicester zinafunga mapema Julai, kabla ya sehemu nyingi za England. Ni desturi iliyobaki tangu enzi za viwanda vya soksi na fulana, vilipokuwa vinafungwa vyote kwa pamoja na mji mzima unahamia pwani. Kwa hiyo tunapata kama wiki mbili kabla bei hazijapaa. Kijumba kilekile nilikitazama kwa wiki ya kwanza ya Agosti nikakuta kimepita pauni 800. Na usijidanganye kumtoa mtoto shuleni ili ukimbie bei ya Agosti. Siku tano bila ruhusa inatosha kuletewa faini, pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na usipolipa ndani ya siku 21 inakuwa 160. Kuna baba mmoja wa Isle of Wight aliikatalia faini ya namna hiyo mpaka Mahakama ya Juu, na Aprili 2017 akashindwa. Kwa hiyo huku nako wanabana. Sisemi ni peponi.

Na kambi yenyewe? Mvua siku mbili kati ya nne. Ukuta mwembamba, unamsikia jirani akikohoa. Shuka na taulo unabeba mwenyewe. Kila kona kuna mashine za kumeza sarafu, watoto wanakuvuta mkono mpaka unachoka kukataa. Bahari ya pale ukiingiza mguu unahisi mfupa. Nimezaliwa Temeke mimi, nimekulia kwenye maji ya uvuguvugu, ile bahari yao kwangu ni adhabu. Lakini bei niliyoiona siku ya kulipia ndiyo niliyolipa, kodi ikiwa ndani. Bei ya kijumba, sio bei ya kichwa. Jiko lipo, nikapika wali wangu, hakuna aliyeniuliza.

Sasa Desemba 2023. Tulikuja nyumbani Tanzania, mara ya kwanza baada ya miaka sita, na nilikuwa nimejiapiza kwamba Mama safari hii atalala hotelini mbele ya bahari. Mama yangu ameuza vitumbua miaka thelathini, umbali wa nusu saa kutoka ufukweni, na hajawahi kulala anasikia mawimbi. Tukaenda hoteli moja ya Kunduchi, kaskazini ya Dar. Jina naliweka moyoni. Getini mlinzi akazunguka gari na kile kioo chake cha kuangalia chini, akainama dirishani kwa Mama. Mama kavaa khanga mpya, ile niliyomnunulia wiki hiyo Kariakoo, bado ina harufu ya dukani.

"Mnamtafuta nani?"

Mama akamjibu kwa upole, "Tunaitafuta bahari, baba."

Yule kijana akaona aibu, akafungua. Simlaumu, kafundishwa hivyo. Mgeni mweupe kwenye gari la mbele yetu alipigiwa saluti na geti likafunguka. Sisi tuliulizwa tunamtafuta nani, kwa sababu mtu kama Mama akionekana pale huwa amekuja kumwona mtu anayefanya kazi jikoni.

Mapokezi tukapewa bei kwa dola. Dola 180 kwa chumba, vyumba viwili, usiku mmoja, chai ya asubuhi peke yake. Kwa kiwango cha siku zile, kama 2,500 kwa dola, ni shilingi laki tisa. Mwaka ule kima cha chini serikalini kilikuwa 370,000. Yaani mtumishi wa ngazi ya chini kabisa akifunga mdomo asile, asipange nyumba, asisomeshe, anafanya kazi zaidi ya miezi miwili ili alale na mama yake usiku mmoja. Huku Uingereza ni siku tatu na nusu, usiku nne. Kima hicho kilipanda hadi 500,000 Julai 2025, na tangu Machi mwaka huohuo kanuni inakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni, jambo zuri. Lakini ukiigeuza dola 180 ikaandikwa kwa shilingi, mzigo ni uleule.

Nililipa. Nililipa kwa sababu nilikuwa nimetoka nje, na hapo ndipo roho iliponiuma. Nisingekuwa mbeba maboksi wa Leicester, Mama yangu asingelala Kunduchi, na Kunduchi ni kwake. Chupa ya maji tunayoinunua dukani mia sita ikaandikwa elfu tano. Watoto walihesabiwa kichwa kwa kichwa. Kwenye bwawa Mama akaambiwa khanga hairuhusiwi, akakaa kwenye kiti chini ya mnazi, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri daktari. Usiku nikamkuta amesimama barazani peke yake, anasikiliza mawimbi. Akaniambia, "Kumbe yanaongea hivi usiku kucha." Hilo ndilo nililolipia, na kwa hilo sijutii hata senti.

Najua mnachotaka kusema. Nimeshasoma maneno yenu kabla hamjayaandika. "Umekaa Ulaya miaka minane unatuona sisi washamba." "Rudi ujenge badala ya kupiga domo." Ndugu zangu, chumba cha Mama kule Temeke nimekijenga mimi, tofali kwa tofali, kwa zamu za usiku za kubadilisha nepi za watu wazima. Sijasahau nilikotoka. Ningekuwa nimesahau, ningepiga picha na dereva wa basi, nikaweka mtandaoni, basi. Kinachonitesa ni kwamba nakumbuka.

Mwingine atasema hoteli zile hazikujengwa kwa ajili yetu, zimejengwa kuleta fedha za kigeni, wacha zifanye kazi yake. Hoja hiyo ina umri mkubwa kuliko mimi. Mwaka 1970 vijana wa TANU, chama tawala cha enzi zile, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliuanzisha mjadala wa utalii gazetini, wakiuliza faida yake kwa nchi ya ujamaa ni ipi, na majibu yalikuwa hayohayo ya fedha za kigeni. Sawa, zije. Mtalii anamlipa mshahara mtoto wa dada yangu, sina ugomvi naye. Lakini Serengeti nako ni kwa wageni, na pale Mtanzania mtu mzima anaingia kwa shilingi 10,000 kabla ya kodi, wakati mgeni kutoka nje analipa hadi dola 70. Geti ni lilelile na simba ni yuleyule. Tumeweza kwa simba, tunashindwa nini kwa bwawa la kuogelea?

Na hapa Skegness napo palianza na watu waliofungiwa nje. Huyu Billy Butlin aliyefungua kambi yake ya kwanza hapa mwaka 1936, mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia alipoona familia za wafanyakazi kule Wales, zimekuja likizo, mwenye nyumba kawatoa asubuhi na hawaruhusiwi kurudi mpaka jioni, wanazurura kwenye mvua na watoto. Akajenga vijumba, akatangaza likizo ya wiki moja kwa mshahara wa wiki moja. Hakuwa mtu wa sadaka, alikuwa mfanyabiashara, alitajirika. Miaka miwili baadaye, 1938, ikapita sheria ya likizo yenye malipo. Mtu alikaa akapiga hesabu kuanzia kwenye mshahara wa mfanyakazi, ndipo akapanga bei. Ni hilo tu ninalolililia. Nionyesheni hoteli moja ya pwani yetu iliyopangiwa bei namna hiyo.

Msiniambie Mtanzania hana likizo. Sheria yetu ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo kwa mwaka, yaani wiki nne. Hapa Uingereza, mwenye kazi ya siku tano kwa wiki, sheria inampa siku 28 za kazi, yaani wiki tano na kidogo. Wametuzidi kidogo, lakini kwenye karatasi likizo tunayo.

"Likizo yetu ni kwenda kwa bibi kijijini." Hili ndilo linalonigusa, kwa sababu nalipenda. Desemba, basi la Moshi, kuku mapajani, watoto kumi na wanne kwenye mkeka mmoja. Sitaki lipotee. Lakini wanawake wenzangu mniambie ukweli. Wewe na wifi zako mkifika kwa bibi, nani anaamka saa kumi na moja kuwasha moto? Nani anaosha sufuria za watu ishirini? Nimekwenda likizo za namna hiyo tangu nina miaka saba na sijamwona Mama ameketi mpaka watu wote wameshakula. Skegness nilipika mara moja kwa siku kwenye jiko la mafiga mawili, halafu nikakaa. Nilikaa tu. Nilishangaa mwili wangu unavyouma, kumbe uchovu ulikuwa umejificha humo miaka yote.

Ninachokitaka si kikubwa. Masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani na visiwani ziko tupu, nyingine zinafunga kabisa. Juni shule zinafungwa na vyumba bado viko wazi. Kitanda kitupu hakimwingizii mwenye hoteli hata shilingi. Aweke bei ya chumba, sio ya kichwa. Aiweke kwa mwalimu wa Tandika mwenye watoto watatu, aruhusu chupa ya maji kutoka nyumbani, aruhusu bwawani nguo ya kuogelea inayofunika mwili kama dera. Hao walimu watarudi kila mwaka, hata mwaka ambao ndege za Wazungu hazitui. Mwaka 2020 si tuliona wenyewe.

Mtoto wa dada yangu anatandika vitanda kwenye hoteli Zanzibar, mwaka wa nne sasa. Ana watoto wawili. Anajua kukunja taulo likawa bata, wageni wanampiga picha. Watoto wake bwawa lile wamelionea kwenye simu. Nilimtumia video ya dereva anateleza na mwanawe, nikamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Akanijibu kwa sauti, nyuma yake nasikia mashine ya kufulia:

"Mamdogo, na hao wanaotandika vitanda hapo kwenu, watoto wao wanaruhusiwa kuogelea?"

Sikujua. Ijumaa, tunafunga mabegi, alikuja dada wa usafi na toroli lake kutaka funguo, nikamuuliza. Akaniangalia kama swali halijamkaa vizuri. Akasema ndiyo, wa kwake huja kila Septemba, na wafanyakazi wanapunguziwa bei.

Nikamtumia mtoto wa dada jibu hilo tukiwa kwenye gari. Alama mbili za bluu zilitokea papo hapo. Mpaka leo hajanijibu.