Kibodi Yangu Ina Sukari

Juzi usiku umeme ulirudi saa 3, watoto wa mtaa mzima wakapiga ile uwoooo yao, nami na utu uzima wangu wote nikashtuka, mkono ukagonga kikombe. Chai ya maziwa. Sukari vijiko vinne maana mama watoto aliitia gizani. Yote kwenye kibodi ya laptopu.

Mimi ni baba wa watu, sikupiga kelele. Nikachomoa chaja, nikazima, nikaipindua kichwa chini kama mtoto aliyepaliwa. Shemeji akasema izike kwenye mchele, nikaizika, mchele ukatoka mkavu vilevile na chai ikabaki ndani, ila mchana tukapika wali na kitufe cha F7 nimekikuta kwenye sahani ya mtoto. Na sisimizi wameshapanga foleni toka dirishani, wanaingia kwenye Enta hawatoki.

Nikawasha. Jamani herufi iliyokufa ni A. Iliyo hai, inabonyezeka kama jana ndo imetoka dukani, ni Q. Na X. Sasa mimi Mswahili Q namwandikia nani? Nikamwandikia bosi "Hbri z subuhi bosi, nitchelew", akajibu: umekunywa? Iliyokunywa ni kibodi!

Basi Kariakoo. Fundi ni kijana mdogo, kavaa ile taa ya kichwani, akaanza na "karibu bosi". Akafungua skrubu, akainusa.

"Imekunywa nini?"
"Chai."
"Ya rangi au ya maziwa?"
"Ya maziwa."

Akavuta pumzi kama daktari anayetafuta pa kuanzia. "Kaka, ya rangi ningekwambia kitu." Ona, nimeshashuka toka bosi hadi kaka na bei imepanda. Akanionyesha ndani, kumbe chini ya vitufe kuna karatasi tatu za plastiki zimelaliana, ya juu na ya chini zina njia za umeme, ya kati ina vitundu tu, na chai yangu imejipenyeza katikati ikaganda. "Mzee wangu," akasema, "hii kibodi ina sukari."

Nilijua tu. Kwetu sukari inatembea kwenye ukoo.

Akaita wenzake watatu waje kuona mgonjwa. Mmoja akasema aoshwe na spiriti, mwingine akasema isiwe ile ya duka la dawa asilimia 70, hiyo nyingine yote ni maji, itafutwe ya 99 inayokauka upesi. Wa tatu hakusema kitu, kachovya kidole, kanusa, halafu akatangaza, "Tangawizi hii." Nikamwambia ni iliki. Akasema tangawizi, bibi yangu anauza chai mimi naijua. Sijui kilichonipata, nimejikuta nimesimama katikati ya Kariakoo, wateja wananitazama, nafoka "CHAI YA MKE WANGU HAINA TANGAWIZI!" Na mwenye toroli aliyekuwa anapita akaniambia pole mzee.

Wakasugua na mswaki. Mswaki wenyewe ulikuwa na dawa ya meno, nimeuona kwa macho yangu. Elfu 15, na ukitaka kibodi mpya elfu 60, nikasema nisugulieni tu.

A imefufuka. Tatizo imefufuka na hasira, ukiigusa haiachii. Bosi kaniuliza ripoti iko wapi nikamjibu "sawaaaaaaaaaaaa", sasa hivi hanisemeshi. Na mama watoto nilipomuuliza kwa upole kabisa kama kwenye ile chai alitia tangawizi, akasema kidogo.

Kidogo!

Na wamekata tena. Naandika gizani, betri asilimia 11, mtaa kimya, watoto nawajua wamekaa tu wanasubiri urudi wapige ile kelele yao. Kikombe nilikiweka hapa hapa. Sikioni.