Ati "Kamchoro Tu"

Jumanne nilikwenda Kariakoo kutafuta lesi ya rangi ya maziwa. Lesi sikuipata, nikarudi na hasira.

Nilipitia kwa fundi wangu, mzee mwenye kibaraza hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo, anayenishonea tangu niko chuo. Ukutani kwake, kati ya kalenda ya duka la vitambaa na picha za mishono ya Kinigeria, palikuwa na karatasi imebandikwa kwa pini. Gauni la mkono mmoja, kiuno kimepanda kidogo, marinda yameanzia nyongani upande wa kushoto peke yake. Mchoro wangu huo! Sahihi huwa naiweka chini, kando ya kisigino. Aliyeuprinti kaikata, na kisigino kikaenda nayo. Mwanamitindo wangu kabaki na kiatu kimoja na nusu.

"Shikamoo, Mzee. Hii umeipata wapi?"

"Marahaba, binti yangu. Kaleta mteja, sare za wapambe. Wanane." Akashusha miwani. "Aliyechora hii anaijua nguo. Ila kanitesa, hakuchora nyuma."

Nyuma nilichora. Nyuma iko kwenye karatasi ya pili, na karatasi ya pili ndiyo niliyomwambia dada aliyeniagiza mchoro huo ataipata akishalipa.

Alinitafuta mwezi wa pili, kwa sauti za wasapu za dakika nne nne. Nikamsikiliza, nikampa bei yangu, shilingi 40,000. Siku tatu nikachora, nikaupiga picha ule wa mbele, nikatuma. Akajibu kwa mioyo mitano. Kisha: "Jamani mpenzi, 40,000 kwa kamchoro tu? Kitambaa chenyewe yadi elfu nane!" Kisha kimya. Nikadhani harusi imevunjika, nikamwonea hata huruma.

Hebu tukae na hiyo "ka-" kidogo, maana ndiyo inayonila mimi na wenzangu wote tunaochora mitindo kwa kujitegemea. Mtu haoni kitambaa kwenye karatasi, haoni uzi, basi anaona nimecheza na penseli. Sasa tupige hesabu yake mwenyewe. Gauni lile linakula yadi nne kwa mtu wa saizi ya kati. Mteja alitaka marinda yazunguke kiuno chote, na yakizunguka linakula tano na nusu. Nilimshawishi tuyaweke upande mmoja, kwa sababu nilishajaribu kwenye karatasi nikaona yakizunguka yanamfanya kila mpambe awe na umbo la ngoma. Yadi moja na nusu mara wapambe wanane ni yadi 12. Kwa elfu nane yake ni shilingi 96,000. Kamchoro ka 40,000 ndiko kalikozibakiza mfukoni mwake, na ninavyomfahamu sasa, alizinunulia viatu.

Au chukua kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na ukiikata hujui jina litaangukia wapi umekwisha. Mwaka juzi nilikuwa kwenye kicheni pati moja Temeke. Dada mmoja aliona gauni simuni, akampelekea fundi simu na doti, mchoro hakuna. Kanga imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Fundi alikata kwa kuangalia kitambaa kisipotee, na kwa ushonaji wala hakukosea. "Japo sipati" ikazama kwenye mshono wa ubavuni. "Tamaa sikati" ikatua sawia juu ya makalio, na mama mkwe mtarajiwa kakaa meza ya mbele. Dada wa watu alicheza muziki wote kwa kurudi kinyumenyume. Tulicheka, lakini ndiyo kazi yangu hiyo: kujua mapema, juu ya karatasi ya bei rahisi, kitu ambacho mkasi ukishapita hakirudi.

Na huwa nachora mara mbili. Mchoro wa mitindo una uongo wake wa asili. Binadamu ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, sisi tunamchora wa vichwa tisa ili gauni liteleze. Huo ni wa kumfurahisha mteja. Wa pili ni wa fundi, umbo la mtu wa kweli, mishale, vipimo, zipu iko wapi, bitana inaishia wapi. Hauna mvuto hata kidogo na hakuna aliyewahi kuniwekea moyo kwa ajili yake.

Watu huniuliza natoa wapi mawazo, wakitegemea nitaitaja Paris. Sikatai, ile Paris ya kwenye karatasi naipenda. René Gruau, mchoraji wa mitindo aliyemchorea mbunifu Dior, aliweza kuacha nusu ya gauni bila kulichora, akaburuta mstari mmoja mnene mweusi, na bado ukajua kitambaa ni kizito. Antonio Lopez namheshimu zaidi, mtoto wa Puerto Rico aliyekulia New York, mama mshonaji, baba anatengeneza midoli ya madirisha ya maduka. Ukiiangalia michoro yake unaona mtu aliyekua kati ya uzi na miili. Lakini daftari langu limejazwa na daladala za Mbagala. Yupo mama nilimchora vituo vitano mfululizo. Mkono mmoja ndoo, mwingine mtoto, kanga ya juu inataka kuanguka, kaishika pembe kwa meno na bado anagombana na konda. Ule mkunjo uliotoka mdomoni kwake ukashuka kupita bega ndio mkono wa lile gauni lililobandikwa ukutani. Mbunifu wake halisi alishukia Mtoni kwa Aziz Ali, na hata jina lake silijui. Ukikosa daladala nenda Kivukoni jioni watu wakisubiri pantoni, upepo ukakuonyeshe baibui linavyoanguka.

Nikubali, kwa shingo upande, kwamba na mimi nilijifunza kwa kuiga, miezi na miezi. Na hatukuandikiana kitu, huo uzembe ni wangu. Na harusi ni gharama, najua, michango ya siku hizi kila mtu anaikimbia. Lakini mpiga picha alilipwa, MC alilipwa, hata wa maputo.

Sheria ipo, msinikumbushe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo. Haya, nenda kaitaje mbele ya kamati ya harusi iliyobakiza wiki mbili. Na mnaosema kompyuta siku hizi inachora bure: iulizeni marinda yanaanzia wapi. Kamera nayo ilisemwa itatuzika tangu jarida la mitindo la Vogue lilipoweka picha ya rangi jaladani mwaka 1932.

Mimi sina mshahara. Desemba nachora mpaka vidole vinakufa ganzi, Kwaresima na Ramadhani zikiangukiana nakula akiba, na akiba yenyewe ndiyo hizo 40,000 mnazoziita za kamchoro.

Pale kibarazani nilisimama kama dakika mbili nikitaka kuing'oa ile karatasi. Mzee akawa ananiangalia. Kitambaa kimeshakatwa, wapambe wanane wanasubiri, na mteja alimwambia nyuma "malizia mwenyewe". Alikuwa amepanga kuweka zipu katikati, ambapo ingeukata ule mkunjo vipande viwili. Nikachukua chaki yake, nikamchorea nyuma juu ya boksi la nyuzi, zipu ubavuni. Akasema, "Ahaa." Akaniagizia soda.

Alhamisi usiku simu ikalia. Yeye. "Mpenziii, za siku? Nichoree tu viwili vya haraka, vya kicheni pati ya mdogo wangu."

Nimemjibu: 80,000, nusu kwanza, na uweke na ya kutolea. Tiki zimegeuka bluu tangu saa tatu.