Msiwafundishe Kupumua Huku Mkiwanyima Usingizi

Shule moja ninayoifahamu imewatangazia wazazi kwamba wanafunzi wa sekondari watafanya mazoezi ya kutuliza akili kila asubuhi ili kupunguza msongo wa mawazo, na kwamba kwa sababu hiyo watapaswa kufika mapema zaidi. Tangazo hilo limeniudhi mno, kwa kuwa linamkatia kijana usingizi, kisha linamtaka afumbe macho na kuisikiliza pumzi yake.

Sina ugomvi na mazoezi yenyewe. Tangu Mmarekani Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo yake ya kutuliza akili katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, watu wazima wengi wamenufaika nayo. Lakini hao walikwenda kwa hiari yao, hawakupangiwa kwenye ratiba ya masomo. Utafiti wa MYRIAD wa Uingereza, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000, ulionyesha mwaka 2022 kwamba mafunzo ya aina hii yakitolewa kwa darasa zima hayaishindi elimu ya hisia na mahusiano ambayo shule huitoa siku zote. Wanafunzi wengi hawakuyafanya hata nyumbani.

Linaloniuma zaidi ni usingizi. Mtoto anapobalehe, saa ya mwili wake hubadilika, na homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, huchelewa kutolewa usiku, hivyo kijana anayekesha si lazima awe mkaidi wala mvivu. Wataalamu wa usingizi wanasema mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 2014 kwamba masomo yasianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Anayeamshwa gizani baada ya kumaliza kazi za shule usiku wa manane atakasirika upesi, atasahau aliyoyasoma na atalia kwa jambo dogo; nasi tunamwambia kwamba tatizo ni akili yake isiyotulia!

Simu nazo zina lawama yake, nakubali.

Hata hivyo, simu haikupanga ratiba ya shule wala haikurundika majaribio 3 katika siku moja. Hayo ni maamuzi ya watu wazima, na watu wazima wanaweza kuyabadilisha. Naiomba shule hiyo iyahamishie mazoezi mchana, iyafanye ya hiari, na iwaache watoto walale.