Nilivyovunja rekodi isiyovunjika

Sawa, jamaa yangu ameshawasimulia kwamba nilizimia mbele za watu. Muongo. Niliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe, nakiri, havikuwa na kamba.

Wadau wa grafu berlin52 mnaijua. Wengine: ni vituo 52 vya Berlin, upite kila kimoja mara moja urudi ulikoanzia, kwa njia fupi kuliko zote. Njia zinazowezekana ni namba ya tarakimu 66, huwezi kuzipima moja moja, ndo tunakimbilia hiuristiki, yaani mbinu za kutafuta jibu zuri bila kupima njia zote. Mi nilitumia ile ya kupoza chuma: mwanzoni programu ina moto inakubali hata hatua za kijinga, halafu inapoa taratibu inaanza kuchagua. Programu ilipoa. Mimi sikupoa.

Njia fupi kabisa ina urefu wa 7,542, imethibitishwa, haishuki hata kwa dawa. Usiku ule yangu ikatoa 7,444.

Mwenye akili angetafuta kosa. Mi nikatengeneza slaidi, na ya pili ikisema kinachofuata ni ile ya vituo 85,900 iliyopatiwa jibu lake 2006 (mnaocheka subirini kwanza).

Basi nimesimama, projekta inawaka, mstari mwekundu umezunguka ukuta mzima, natamka polepole, "Elfu saba, mia nne, arobaini na nne." Kimya. Nikajua ni heshima. Dada mmoja huko nyuma akanyoosha mkono: "Samahani kaka, kile kidoti cha chini kulia mbona hakina mstari?"

Nikageuka. Kipo. Cheusi, peke yake, kama kimesuswa. Nikasema huo ni uchafu. Jamani, nikaenda kuufuta. Kwa kidole. Kidoti kikahamia kwenye kucha yangu kikatulia hapo, na ukumbi mzima unakiona. Ndo wakaanza kuhesabu kwa sauti vidoti vyenye mstari, moja, mbili, tatu, mi bado nimeshika ukuta, wakafika hamsini na moja wakanyamaza wote kwa pamoja.

Kumbe kitanzi cha kusoma faili (kipande cha programu kinachojirudia, kikisoma kituo kimoja kimoja) kilianzia sifuri nikakisimamisha kwenye 50, yaani vituo 51 tu, kituo cha mwisho hakikuingia kabisa. Vidoti nilivichora na programu nyingine, ndo maana kikaonekana. Nimesharekebisha, sasa inatoa 7,716 na haishuki nifanye nini.

Jamaa yangu kanisevu kwenye simu "Kituo cha 52".