Pipa moja la dizeli, tipa mbili za kifusi

Mwenye kiwanja cha bondeni Dar es Salaam anajua thamani ya kifusi. Tipa ikipita mtaani imejaa udongo, watu wanaisimamisha na kuuliza bei kabla dereva hajasema anakokwenda. Ndivyo udongo wa kambi moja ya watalii, kutoka upande wa Mloka karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ulivyoishia mtaani kwetu. Ulikuwa na weusi kidogo na harufu ya gereji. Jirani aliyeununua akausambaza uani, hatua kama ishirini kutoka kisima ambacho nyumba nne zinachota.

Mwenye kambi, kwa nilivyosimuliwa, hakuwa mzembe. Pipa la dizeli la lita 200 lilianguka likishushwa, likapasuka, naye akafanya ambalo mtu yeyote anayejali mazingira angemshauri: chimba, pakia, toa porini. Fundi wake mmoja alipendekeza udongo utibiwe palepale kambini mpaka dizeli iliwe na vijidudu vya ardhini, akaambiwa anatafuta njia ya uvivu. Hilo neno "uvivu" ndilo linalonifanya niandike.

Tuelewane kwanza kwamba saa ya kwanza haina ubishi. Ziba palipopasuka, kinga yanayovuja, kisha zoa kwa sepeto udongo uliolowa chepechepe uingie kwenye pipa tupu. Maranda ya fundi seremala hufyonza vizuri kuliko watu wanavyodhani. Ubishi ni juu ya kinachofuata, pale mafuta yanapokuwa yamezama na udongo unaonekana mkavu ila unanuka.

Wanaotaka uchimbwe wote uondoke wana hoja nzito, na sitaki kuipunja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inambebesha mchafuzi gharama za uchafu wake, na shimo lililochimbwa ni ushahidi ambao askari wa hifadhi anauona kwa macho. Rundo lililoachwa nyuma ya jiko linategemea ahadi ya mtu. Nani atarudi baada ya mwezi kuligeuza? Masika yakianza, barabara ya Mloka inakuwa tope, kambi nyingi zinafungwa, na aliyeahidi yuko Dar. Tena Rufiji si mto wa kutaniwa: mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika vijiji na mashamba Rufiji na Kibiti, na rundo la udongo wenye dizeli likikutana na maji ya namna ile, tayari liko mtoni. Kwa hiyo anayesema "toa kabisa" hana ushamba wowote. Amewahi kuona "tutalitibu" ikigeuka "tumelisahau".

Ila nendeni nami kwenye hesabu.

Dizeli ikizama kwenye mchanga haijazi kila nafasi kati ya chembe. Mita moja ya ujazo ya mchanga wa kawaida hushika lita kama 15 hadi 25, zinazozidi zinaendelea kushuka. Lita 200 zikiachiwa nafasi ya kuzama huchafua mita za ujazo nane hadi kumi na tatu. Mchanga una uzito wa tani moja na nusu au zaidi kidogo kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo tunazungumzia tani 13 hadi 20. Hizo ni tipa mbili za tani kumi. Kutoka Dar hadi Mtemere ni zaidi ya kilomita 200. Kwenda na kurudi tuseme 450. Tipa inayokwenda kilomita tatu au nne kwa lita itakunywa lita 120 na ushee kwa safari moja, na tipa mbili zitapita lita 240.

Rudieni namba hiyo. Ili kuondoa pipa moja la dizeli porini, tumechoma zaidi ya pipa moja la dizeli barabarani. Hapo sijahesabu mashine ya kuchimbia, wala njia ya magari iliyopanuliwa kichakani ili tipa ipate pa kugeuzia, wala shimo la kufukiwa kwa udongo uliochimbwa kwingine. Na mwisho wa safari dizeli ile ya kwanza bado ipo, lita kwa lita, imebadilisha anwani tu. Ilikuwa Mloka ambako hakuna kisima karibu, sasa iko kwenye mtaa ambao kila ua wa tatu una kisima kifupi kwenye mchanga. Nimeipiga hesabu hii mara kadhaa nikitafuta nilipokosea, kwa sababu matokeo yake yananiudhi.

Upande unaoitwa wa wavivu unasema nini basi? Kwamba bakteria wanaokula dizeli wako tayari ardhini. Wanachokosa ni hewa, unyevu na chakula cha pembeni, hasa naitrojeni na fosforasi. Udongo unatandazwa juu ya turubai nzito, unene usiozidi shubiri moja na nusu, mahali pa juu pasipofikiwa na maji, ukizungushiwa tuta. Unachanganywa na mbolea kidogo, unanyunyiziwa maji, unageuzwa kwa jembe kila wiki mbili tatu, halafu sampuli zinapelekwa maabara mpaka namba zishuke. Hiyo ni kazi ya miezi. Kuna kosa ambalo wa mjini halijui: urea iliyoachwa wazi inaweza kumuua nyati au swala atakayeilamba, kwa hiyo uzio ni lazima. Mvivu hawezi kazi hii. Kuita tipa ni rahisi zaidi.

Wenye uzoefu mrefu wa haya wako kwenye baridi. Alaska na kaskazini mwa Kanada vibanda vya porini vinapashwa joto kwa mafuta, tangi liko nje, na theluji ikiporomoka kutoka paani ikavunja kibomba, mafuta yanaweza kuvuja siku nyingi bila mtu kujua. Kule kuchimba kuna adhabu yake: ukiondoa mimea inayofunika ardhi iliyoganda, barafu ya chini inayeyuka na shimo linageuka dimbwi. Waustralia kwenye kituo chao cha Casey, Antaktika, walirundika udongo wenye dizeli hukohuko, wakaupa virutubisho na hewa. Na baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, sehemu za ufukwe zilizooshwa kwa maji ya moto yenye shinikizo zilipoteza viumbe wengi kuliko sehemu zenye mafuta zilizoachwa bila kuoshwa. Mafuta ghafi ya baharini si dizeli ya jenereta, najua. Lakini kama vijidudu vinajikongoja na kazi hii Antaktika, kwenye joto la Rufiji vina kila sababu ya kukimbia.

Sisemi iwe hivyo kila mahali. Kibanda cha Kibo, Kilimanjaro, kiko kwenye mita 4,700 na ushee. Usiku ni barafu, udongo ni changarawe, na mafuta ya taa yakimwagika pale yazolewe yateremshwe. Kando ya chemchemi, kisima au mto, chimba bila kujadiliana. Mjini Dar penyewe, chimba.

Kwa kambi ya porini iliyo mbali na maji ningependa kibali cha kutibu palepale, kwa sharti la fedha mkononi: mwenye kambi alipie ziara za ukaguzi na vipimo vya maabara kabla jembe la kwanza halijainuliwa, na asirudishiwe kilichobaki mpaka sampuli ya mwisho isome vizuri. Na kama ni lazima udongo uje mjini, tipa isitoke getini bila karatasi inayotaja unakoshushwa na jina la anayeupokea.

Jirani yangu amefunga kisima, maana dizeli haitoki kwa kuchemsha maji. Kifusi chake amekikwangua na kukijaza kwenye viroba vilivyopangwa ukutani. Nilihesabu hadi mia moja nikaacha. Juzi alinisimamisha kuniuliza avipeleke wapi.