Filamu za Kikristo na wale ambao hawakupona

Kwaresima ikifika, watu wengi hapa Mwanza huitafuta tena The Passion of the Christ, filamu ya Mel Gibson iliyotoka mwaka 2004. Injili ya Yohana inamaliza habari ya Yesu kupigwa mijeledi kwa mstari mmoja tu, 19:1. Gibson anatuweka hapo dakika kadhaa, mpaka ngozi inachanika. Wapo wanaolalamika kwamba mtazamaji anabaki na damu kichwani na mafundisho yanapotea. Hoja yao ina uzito, lakini mimi naitetea filamu ile. Anayefuata Njia ya Msalaba kila Ijumaa, kituo hadi kituo, anaona pale Mungu anayejua maumivu ya mwili, na filamu haimharakishi kuyavuka.

Kinachoniumiza ni filamu za ushuhuda. Mtoto anaumwa, madaktari wanakata tamaa, baba aliyeacha kanisa anapiga magoti, kinanda kinalia, mtoto anafumbua macho. Wanaozipenda husema Injili yenyewe ina binti Yairo, aliyefufuliwa na Yesu, na mtu aliyechoshwa na maisha anahitaji tumaini kuliko maswali. Ni kweli. Wapo waliorudi kusali baada ya filamu kama hizo, na siwezi kuwadharau.

Lakini Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye selimundu nyingi nchini, ugonjwa wa damu wa kurithi unaoleta maumivu makali. Mfikirie mama anayempeleka mwanawe kliniki katika hospitali ya Bugando. Usiku mifupa inapombana mtoto, mama anamkanda miguu kwa maji ya uvuguvugu, anambembeleza anywe maji, anasubiri kupambazuke. Asubuhi jirani anapita kumjulia hali: "Pole dada. Ila ombeni kwa imani, maana Mungu hashindwi." Jirani huyo ana nia njema. Ila kauli yake inamwacha mama akijihesabia mifungo, akitafuta alipokosea, na akishawishika siku moja kuacha dawa ili imani yake ionekane kamili. Filamu ambayo kila mwenye imani hupona humfundisha mtazamaji kwamba asiyepona ana kasoro, hata kama mwongozaji hakukusudia hivyo.

Kuna jingine, nalo kwangu ni zito zaidi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, wakafa watu 228. Siku mbili baadaye fundi mmoja alitolewa ndani yake akiwa hai. Filamu ya ushuhuda ingemfuata yeye, na kumshukuru Mungu kwa ajili yake ni haki kabisa. Ila kivuko kile kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Ukisema "ni mapenzi ya Mungu" ukaishia hapo, umemsitiri aliyeruhusu watu wajazane, na umewaachia wafiwa wa Ukara na Ukerewe swali la kwa nini ndugu zao hawakuchaguliwa. Yesu aliulizia jambo linalofanana na hilo katika Luka 13, kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: je, walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Alijibu sivyo, kisha akawaita waliobaki hai watubu.

Biblia haiogopi kuishia gizani. Zaburi 88 inaishia hapo hasa. Kwenye sinema, Silence ya Martin Scorsese ya mwaka 2016, kuhusu mapadre Wajesuiti katika Japani ya karne ya 17, ilithubutu kukaa na Mungu aliye kimya. Padre anakanyaga sanamu ya Kristo ili Wakristo wanaoteswa waachiliwe, na naelewa kwa nini waumini wengine walikwazika.

Kwa vijana wa hapa kwetu wanaorekodi filamu za kanisani kwa kamera za kukopa, ombi langu ni dogo. Muujiza uwepo, kama ndio ushuhuda wenu. Lakini muandikieni mistari ya kusema na yule mama wa kitanda cha jirani, ambaye naye alifunga na kuomba, na mwanawe amefariki. Mchungaji wa kwenye filamu aende akaketi naye kabla ya ibada ya shukrani, na asimpe jibu asilokuwa nalo.