Zawadi ya Krismasi tuifungie kitu gani?

Kila Desemba baraza za Mwanjelwa hujaa karatasi za zawadi: nyekundu, za dhahabu, na zenye picha za theluji, wakati sisi Mbeya tunajua baridi na ukungu tu. Unampa kijana boksi, analifunga kabla hujamaliza kuhesabu chenji, anabandika ua la riboni. Tarehe 26 karatasi yote iko kwenye shimo la taka, inachomwa.

Wanaozipinga wana hoja nzito. Nyingi ya hizi za kung'aa ni plastiki nyembamba iliyopakwa rangi. Ifinyange kiganjani kisha uiachie: ikijikunjua yenyewe, ujue ni plastiki. Ndiyo hiyo ambayo ukiichoma inayeyuka na kugandia kwenye mawe, moshi wake unawasha koo. Katazo la Juni 1, 2019 liligusa mifuko ya plastiki ya kubebea, hizi zikapita pembeni. Muuza nyanya kanyang'anywa mfuko, zawadi ikabaki na plastiki yake.

Lakini na mbadala nao tuupime. Karatasi ya kaki kwetu si ya kigeni. Kule Mgololo, Mufindi, kuna kiwanda kinachotengeneza karatasi ngumu kwa miti ya paini iliyopandwa. Miti hiyo hupikwa kwa kemikali kali, kwa hiyo tusiiite malaika, ila kaki ikitupwa shambani inaoza. (Usiifunge kwa solotepu basi, kamba ya katani inatosha.) Adui yake ni mvua. Niliwahi kumpelekea shangazi sweta Uyole kwa bodaboda, nimelifunga kwa kaki vizuri kabisa. Tulipofika Sae ikanyesha. Shangazi alipokea bonge la uji wa kahawia, akaniuliza kama nimemletea viazi. Ile ya kung'aa ingefika salama, nakiri.

Kitambaa je? Wajapani wana furoshiki, kitambaa cha mraba cha kufungia vitu, na hutumika tena na tena. Kitenge kinaweza kazi hiyo, mradi mpokeaji atakivaa. Ukinunua kipya kikaishia sandukuni hujaokoa kitu: pamba inakunywa maji mengi, na vitenge vingi siku hizi ni poliesta. Cha zamani nacho, hebu jaribu kumpelekea mama mkwe uone.

Kikapu cha milulu (nyasi za kusukia) cha akina mama wa Iringa ndicho kinachonivutia zaidi, maana chenyewe ni zawadi. Weka ndani mchele wa Kyela, mpelekee mzee, na mwakani utakikuta kimejaa mayai. Ila kumfungia mtoto kandambili kwa kikapu kilichozidi bei ya kandambili, hapana.

Wapo wanaosema tukiacha karatasi za kung'aa tutawanyima vijana wa barazani riziki. Sidhani. Kijana yule anauza mikono yake kuliko anavyouza karatasi. Mpe kaki na katani, atafunga vilevile.

Kwa zawadi za watoto, mimi nimehamia kufungia kwa kurasa za kalenda za ukutani. Karatasi yake ni nzito, inavumilia manyunyu kuliko kaki, na kila nyumba inayo moja inayokwisha kazi mwezi huu. Nimeshachana Januari mpaka Novemba. Desemba bado iko ukutani, naisubiri.